Vimeng'enya Vilivyoshikizwa: Dhana, Istilahi na Nafasi Yake katika Usindikaji wa Muhogo Arua na Koboko

Ikisiri

Makala hii inafafanua teknolojia ya kushikiza vimeng'enya kwenye viegemezo yabisi ili vitumike tena na tena katika usindikaji wa vyakula, na inaipima kwa zao moja na eneo moja: muhogo wa West Nile, hususan Arua na Koboko. Makala inashikilia kwamba manufaa ya teknolojia hii kwa eneo hilo hayapo pale yanapotafutwa kwa kawaida, yaani kiwandani, bali yapo katika upimaji wa sumu ya unga. Inashikilia pia kwamba istilahi ya Kiswahili itakayochaguliwa kwa dhana hii si suala la pambo. Istilahi isiyofaa inaweza kumfanya mtumiaji aelewe kinyume cha kilichokusudiwa.

1. Utangulizi

Mwezi wa Septemba 2017, watu waliohudhuria mazishi katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, waliugua ghafla baada ya kula ugali wa unga wa muhogo. Walitapika, wakaumwa na tumbo na kuharisha. Uchunguzi ulipokamilika, idadi ya wagonjwa wilayani humo ilikuwa imefikia 98, na wawili kati yao walifariki. Sampuli za unga zilizopimwa zilikuwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kila kilo, ilhali kikomo kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10.

Kasese iko mbali na Arua, lakini muhogo ni uleule na njia ya sumu ni ileile. Katika West Nile muhogo, ambao Walugbara huuita gbanda, ndio mhimili wa chakula cha kila siku, ama peke yake ama ukichanganywa na mtama au ulezi katika ugali. Wilaya ya Koboko inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na pia Sudan Kusini, na unga huvuka mipaka hiyo pamoja na watu. Makazi ya wakimbizi ya Lobule yapo Koboko. Yale ya Rhino Camp na Imvepi yapo katika eneo lililokuwa sehemu ya Arua ya zamani. Penye njaa na haraka, hatua za kuandaa muhogo mchungu hufupishwa, na hapo ndipo hatari inapozaliwa.

Kwa nini basi mtafiti wa lugha aandike kuhusu vimeng'enya? Jibu ni kwamba maelezo ya usalama wa chakula katika kona hii ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hayawezi kuandikwa kwa lugha moja ya nyumbani. Kilugbara ni lugha ya kundi la Sudani ya Kati, Kikakwa ni cha Kiniloti cha Mashariki, na mzungumzaji wa kimoja hakielewi kingine kwa kusikia tu. Kiswahili kilichofika huku kwa njia ya jeshi, biashara na ujirani wa Kongo ndicho kinachowakutanisha sokoni. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha iliyopewa hadhi hiyo lazima iweze kueleza kwa nini unga huu unaliwa na ule hauliwi.

2. Muhogo na kimeng'enya chake

Mzizi wa muhogo hauna sianidi huru ya kutosha kumdhuru mtu. Una linamarini, kiwanja ambamo sianidi imefungamana na sukari. Linamarini hukaa ndani ya vakuoli, yaani kifuko cha maji kilicho katikati ya seli. Kimeng'enya kinachoivunja, linamarasi, hukaa mahali pengine kabisa: kimeshikamana na ukuta wa seli. Seli ikiwa nzima, viwili hivi havikutani. Panya akiuma, au jembe likikata, au mchi ukitwanga, ukuta wa vakuoli hupasuka, linamarini humwagika juu ya linamarasi, na kazi huanza mara moja.

Kazi hiyo ina hatua mbili. Kwanza linamarasi hutenga sukari ya glukosi na kuacha sianohidrini ya asetoni. Kisha sianohidrini huvunjika na kutoa gesi ya sianidi hidrojeni. Hatua ya pili huenda yenyewe ikiwa pH imezidi 5 hivi. Katika uchachu mkali zaidi, sianohidrini hudumu muda mrefu na hubaki ndani ya chakula hadi moto au jua litakapoiondoa. Sianidi hidrojeni huchemka kwenye nyuzi joto 26 za Selsiasi. Kwa hali ya hewa ya Arua, gesi hiyo huondoka kwa hiari yake ilimradi imefunguliwa njia.

Hapa pana jambo ambalo washauri wa sera hulipuuza mara nyingi. Linamarini haiogopi moto, bali linamarasi ndiyo inayouogopa. Mpishi anayetumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu katika maji yanayochemka huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu hubaki ndani ya kipande kilichoiva vizuri. Kwa sababu hiyohiyo kisamvu, au sombe kama wanavyosema majirani wa Kongo, hutwangwa kwanza ndipo kikapikwa. Anayepika majani kwanza na kutwanga baadaye amegeuza mpangilio wa kemia nzima. Maelekezo ya kawaida ya afya, "pika vizuri", hayatoshi kwa muhogo.

Njia ya asili ya West Nile na sehemu nyingine za Uganda ni kumenya mizizi, kuilundika na kuifunika kwa siku kadhaa mpaka iote ukungu, kuukwangua ukungu, kisha kuvunjavunja na kuanika juani, mara nyingi juu ya mwamba. Utafiti uliofanywa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba ukungu huo haupo kwa bahati mbaya. Baadhi ya spishi zake, hasa za jenasi Neurospora, hulainisha mzizi na kuzipasua kuta za seli, hivyo linamarini na linamarasi zikakutana. Anayekwangua ukungu kwa kinyaa ameshafaidika nao.

Tukizingatia haya, muhogo wenyewe ni mfano wa kwanza wa dhana tunayoijadili. Mmea umekishikiza kimeng'enya chake kwenye kiegemezo yabisi, ambacho ni ukuta wa seli, na umekitenga na kile kinachokilisha. Wanasayansi walichofanya kuanzia karne iliyopita ni kuuiga mpango huo nje ya seli.

3. Maana ya kushikiza

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kutumika. Gramu moja iliyofanya kazi leo ingeweza kufanya kazi kesho. Taabu ni kwamba kimeng'enya kikishayeyuka ndani ya sharubati, maziwa au uji wa wanga, hakuna namna rahisi ya kukitoa. Kinauawa kwa joto pamoja na kazi yake, au kinabaki ndani ya bidhaa, na mara ijayo kiwanda hununua kingine. Kushikiza ni kukifunga kimeng'enya kwenye kitu kigumu kisichoyeyuka ili kioevu kipite na kimeng'enya kibaki. Waswahili husema mbuzi hula urefu wa kamba yake. Methali hiyo imechafuliwa na wala rushwa, lakini kwa maana yake ya asili inaeleza dhana hii barabara: mnyama amefungwa kigingini na bado anakula, ila majani hayana budi kuwa karibu naye.

Tukio la kwanza linalotajwa katika historia ya fani hii ni la mwaka 1916. Nelson na Griffin, wanakemia wa Marekani, waliona kwamba invatasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa, iliponata kwenye mkaa iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Ugunduzi huo ulilala zaidi ya miaka 40. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani, chini ya uongozi wa Ichiro Chibata, ilianza kutumia kimeng'enya kilichoshikizwa kuzalisha asidi amino kwa kiwango cha kiwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafuata isomerasi ya glukosi, inayogeuza sharubati ya glukosi kutoka wanga wa mahindi kuwa mchanganyiko wenye fruktosi asilimia 42 hivi. Mchanganyiko huo, ukishaongezewa fruktosi, ndio utamu ulio katika soda nyingi za Marekani, na mpaka leo hakuna kimeng'enya kilichoshikizwa kinachotumika kwa wingi kuushinda huo. Nchini Italia, katika muongo huohuo, laktasi ilifungwa ndani ya nyuzi za selulosi ili kuondoa laktosi katika maziwa.

Namna za kushikiza zimekuwa nyingi, lakini mantiki zake ni chache. Kimeng'enya kinaweza kunatishwa juu ya uso wa kitu kama mkaa, udongo wa mfinyanzi au plastiki yenye vinyweleo. Hii ni njia rahisi na ya bei nafuu, lakini kinabanduka pH au chumvi ikibadilika. Kinaweza kufungwa kwa kifungo halisi cha kikemia, mara nyingi kwa msaada wa gluteraldehidi. Hakibanduki, lakini huenda kikafungwa kwa upande wake wa kulia chakula, kikawa hai bila faida. Kinaweza kufumbatwa ndani ya jeli: myeyusho wa aljinati uliochanganywa na kimeng'enya hudondoshwa katika kloridi ya kalisi, na kila tone huganda kuwa punje kama ushanga. Tena vinaweza kufungwa kimoja kwa kingine bila kiegemezo chochote, vikawa bonge linalojitegemea.

Jeli inastahili neno zaidi, kwa sababu Afrika Mashariki inazalisha malighafi yake. Aljinati hutoka katika mwani wa kahawia, usiolimwa kwetu. Lakini Chibata na wenzake walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba karajinani ya aina ya kapa, itokayo katika mwani mwekundu, hufumbata seli na vimeng'enya vizuri, na hugandishwa kwa chumvi ya potasi. Mwani huo ndio kotoni, ambao pamoja na spinosamu umelimwa Zanzibar kibiashara tangu mwaka 1989, hasa na wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja na Pemba. Siku hizi kotoni imekuwa adimu kwa sababu ya maji kupata joto, na spinosamu inayobaki hutoa karajinani ya aina nyingine, yenye jeli laini isiyofaa sana kwa kazi hii. Zao hili husafirishwa likiwa kavu na bila kusindikwa kwa sehemu kubwa. Anayetafuta mahali ambapo ukanda wa Jumuiya unaweza kuungana kisayansi, kutoka Paje hadi Koboko, atazame hapo.

Faida ya kushikiza ina gharama zake, na ni lazima zitajwe waziwazi. Kimeng'enya hupoteza sehemu ya nguvu zake wakati wa kufungwa. Kilichobaki hufanya kazi polepole kwa kuwa chakula chake sharti kisambae hadi ndani ya punje, na molekuli kubwa hazipenyi. Nguvu hupungua kwa wakati. Watengenezaji huzieleza kwa nusu-maisha, yaani muda ambao nusu ya nguvu hupotea. Kwa isomerasi ya glukosi muda huo huzidi siku 100. Baada ya nusu-maisha tatu, imebaki asilimia 12.5, na mwendeshaji lazima apunguze kasi ya kioevu ili kazi ikamilike. Zaidi ya hapo, bomba lililojaa punje huziba likipitishiwa kitu chenye nyuzi au tope.

4. Suala la istilahi

Neno kimeng'enya limekubalika, na limo katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Ni neno zuri. Limeundwa kutokana na kitenzi meng'enya, na msikilizaji ambaye hakusoma kemia hupata picha ya kitu kinachovunja kingine vipande vidogovidogo. Picha hiyo inafaa kabisa kwa linamarasi. Haifai sana kwa isomerasi, ambayo haivunji chochote bali hupanga upya, wala kwa lipasi inayobadilisha asidi za mafuta mahali pake. Hata hivyo, neno likishazoeleka huachana na asili yake, na sioni sababu ya kulifufua suala hili.

Tatizo kubwa zaidi ni mkanganyiko wa kimeng'enya na chachu au hamira. Hamira ni kiumbe hai, huzaliana. Kimeng'enya ni protini. Hakizaliani wala hakiongezeki kwa kuwekwa kwenye sukari na maji ya uvuguvugu. Mwananchi aliyezoea kutengeneza kwete kwa kimea anajua kwamba kimea hulainisha na kutia utamu kabla chachu haijaanza kazi. Utamu huo ni kazi ya amilasi ya nafaka iliyochipua. Maarifa yapo, ila hayajapewa majina mawili tofauti. Mwandishi wa mwongozo akitumia neno chachu kwa vyote viwili, anavunja tofauti ambayo mpikaji wa kwete aliijua tayari kwa mikono yake.

Kwa dhana ya kushikiza, istilahi ya kimataifa kwa tafsiri sisisi ina maana ya kunyimwa mwendo. Wafasiri hukimbilia mojawapo ya maneno matatu. La kwanza ni kugandisha. Hili halifai, kwani katika vyakula kugandisha ni kazi ya kimeng'enya chenyewe, kama kile kinachogandisha maziwa kuwa jibini, na pia ni kuweka kwenye barafu. La pili ni kusimamisha, ambalo linaashiria kwamba kazi imekoma. La tatu, na la hatari kuliko yote, ni kuzuia. Katika baiolojia kuna vitu vinavyozuia vimeng'enya visifanye kazi, na neno kizuizi limeshatumika kwa hivyo. Kimeng'enya kilichozuiliwa ni kimeng'enya kisichofanya kazi, ambayo ni kinyume halisi cha tunachotaka kusema.

Madhara yake si ya kinadharia. Niliwahi kuombwa kuhariri rasimu ya kipeperushi kuhusu upimaji wa unga, iliyoandaliwa na shirika ambalo halina haja ya kutajwa. Rasimu ilieleza kwamba karatasi ya kupimia ina "kimeng'enya kilichozuiliwa". Msomaji wa majaribio, mkulima wa Koboko aliyefika darasa la saba, aliisoma mara mbili akauliza kwa heshima: kama kimezuiliwa, sisi tunapewa cha nini? Hakukuwa na kosa katika usomaji wake.

Pendekezo langu ni kitenzi shikiza. Katika Kiswahili cha kawaida, kushikiza ni kukifanya kitu kishikamane na kingine, kama fundi cherehani anavyoshikiza pindo kabla ya kulishona, na kifungo cha shati huitwa kishikizo. Kitenzi hiki hakidai kwamba kilichoshikizwa kimekufa, kimelala au kimegandishwa. Kinaruhusu vinyambuliwa vyote vinavyohitajika: ushikizaji kwa mchakato, kimeng'enya kilichoshikizwa kwa zao lake, na kushikizika kwa sifa ya protini. Kitu kinachobeba kiitwe kiegemezo. Nimeyajaribu mapendekezo mengine, likiwemo kutia nanga, ambalo lina mvuto wa kipwani lakini halimsemeshi mtu wa Arua aliye mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita elfu moja.

5. Kinachofaa na kisichofaa Arua na Koboko

Swali la kwanza ambalo mshauri wa sera huuliza ni kama linamarasi iliyoshikizwa inaweza kuondoa sumu katika unga wa muhogo. Jibu ni hapana, na sababu yake ni ya kimaumbile. Kimeng'enya kilichofungwa kwenye punje hakiwezi kuifuata linamarini iliyomo ndani ya chembe ya unga. Vyote viwili ni yabisi, na hakuna anayetembea kumwendea mwenzake. Teknolojia hii inadai kioevu kinachopita. Isitoshe, muhogo unakuja na linamarasi yake bila malipo. Kinachokosekana ni kuzivunja seli na kuipa gesi muda wa kuondoka.

Kwa unga uliokwisha kusagwa ipo njia rahisi ya kuulowesha, iliyoenezwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa katika tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, na huachwa saa tano kivulini au saa mbili juani, kisha hupikwa siku hiyohiyo. Sianidi hupungua mara tatu hadi sita. Linamarasi iliyobaki ndani ya unga mkavu huamka kwa maji na kumaliza kazi yake. Njia hii imetumiwa katika vijiji vya Kongo vilivyoathiriwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona, ambao jina lake limetoka katika lugha ya Kiyaka na lina maana ya miguu iliyofungwa. Ukarimu wa lugha ya Kiyaka kwa sayansi ya dunia katika neno hili haujatajwa vya kutosha.

Swali la pili ni la kiwanda cha sharubati ya glukosi kutokana na wanga wa muhogo. Hapa kuna kioevu, na kwa hiyo kuna hoja. Lakini tufanye hesabu kwa mfano wa kufikirika. Tuseme kimeng'enya huru cha kumalizia fungu moja kina gharama ya fungu 1, na kiegemezo pamoja na kazi ya kukishikiza vina gharama ya mafungu 9. Jumla ni 10, hivyo lazima kitumike mara kumi ili gharama zilingane. Ikiwa nusu ya nguvu ilipotea wakati wa kushikiza, idadi hiyo hupanda hadi mara 20, na bado hatujahesabu uchakavu. Glukoamilasi, inayogeuza wanga kuwa glukosi, ni ya bei nafuu, na molekuli za wanga ni kubwa mno kupenya punje kwa urahisi. Ndiyo maana hata viwanda vikubwa vya dunia huitumia ikiwa huru. Isomerasi hushikizwa kwa kuwa ni ghali na chakula chake ni molekuli ndogo. Anayetaka kuijenga Arua kwa mfano wa Iowa ajue kwamba sehemu hiyo ya pili tu ndiyo yenye faida ya kushikiza, na kwamba inahitaji bomba lidumishwe kwenye nyuzi joto 55 hadi 60 mchana na usiku. Umeme ukikatika, sharubati hupoa na vijidudu huingia. West Nile iliishi nje ya gridi ya taifa kwa miaka mingi, na watu wake hawahitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika.

Juisi ya maembe nayo haifai. Maembe ya eneo hili ni mengi, na Yumbe pana kiwanda cha matunda cha serikali. Pektinasi husaidia kuipata juisi zaidi na kuipunguza utelezi, lakini rojo la embe limejaa nyuzi na pektini ni molekuli kubwa. Punje zingezibwa mapema mno. Mafuta ya shea yana hoja nzuri zaidi, kwani lipasi iliyoshikizwa hutumiwa duniani kutengeneza mafuta yanayoshabihi siagi ya kakao. Ila shea ya Nile ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na ina asidi ya oleiki kwa wingi. Ingedai kuongezewa asidi ya steariki, na soko la chokoleti liko mbali. Kwa sasa vipodozi na mapishi vinailipa vizuri zaidi.

6. Karatasi ya kupimia

Linamarasi iliyoshikizwa ina mahali pake halisi katika eneo hili, nao ni upimaji. Bradbury na wenzake, katika miaka ya 1990, waliunda kifaa kidogo cha kupimia sianidi katika unga. Kidude chake kikuu ni duara dogo la karatasi ya kuchujia lililobeba linamarasi pamoja na chumvi za kushikilia pH. Duara huwekwa katika chupa ndogo ya plastiki, huongezwa miligramu 100 za unga na nusu mililita ya maji, kisha kipande cha karatasi ya manjano chenye pikrati huning'inizwa juu bila kugusa unga, na chupa hufungwa. Linamarasi ya kwenye karatasi huvunja linamarini yote ya unga, hata kama kimeng'enya cha unga wenyewe kimeuawa na jua au moto. Gesi hupanda, na karatasi ya manjano hugeuka kahawia kadiri ya wingi wa sianidi. Kesho yake mpimaji hulinganisha rangi na chati.

Katika matumizi haya kushikiza hakukusudii kutumia tena. Duara hutupwa baada ya kipimo kimoja. Kinachotafutwa ni uthabiti na urahisi: kimeng'enya kilichokauka kwenye karatasi kinasafiri katika bahasha, kina kipimo kilekile katika kila duara, na hakimlazimu mhudumu wa afya wa Koboko awe na pipeti na chupa ya myeyusho ulio kwenye friji. Vitabu vya kiada huhesabu urejeleaji kama sababu ya kwanza ya kushikiza vimeng'enya. Kwa West Nile sababu hiyo ni ya mwisho.

Kazi hii haihitaji kiwanda. Linamarasi hutolewa katika majani au maganda ya muhogo kwa mbinu za maabara ya kawaida, na taasisi zenye uwezo wa kuanza zipo palepale: Chuo Kikuu cha Muni na kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, chini ya NARO. Kinachobaki ni uamuzi wa nani atapima. Nashauri kipimo kifanyike kwenye mashine za kusaga na kwa wauzaji wa jumla, si nyumbani, kwa kuwa gunia moja la jumla hulisha nyumba nyingi, na matokeo huja baada ya usiku mmoja, muda ambao mfanyabiashara anaweza kuuvumilia kuliko mama ambaye watoto wake wana njaa jioni ile.

Maandishi ya kifuko cha karatasi hizo yangeweza kuwa haya: "Karatasi hii ina kimeng'enya kilichoshikizwa. Kinafanya kazi. Iweke mahali pakavu, mbali na jua na moto. Tumia duara moja kwa kipimo kimoja." Sentensi ya pili imewekwa kwa ajili ya mkulima yule wa Koboko. Ya nne imewekwa kwa ajili ya msomi, ambaye akiona neno shikiza atakumbuka kiwanda cha sharubati na kudhani kwamba duara lililotumika jana linaweza kuoshwa.